Saiba yangu ni nzito: je, nijenge kerneli yangu mwenyewe?

*"Habari mwalimu. Nina saiba ndogo hapa Kayole yenye kompyuta sita, zote Dell OptiPlex 7010 za mtumba nilizonunua mjini kwa mpigo. Kila moja ina prosesa ya i5-3470, RAM ya GB 4 na diski ya kawaida ya GB 500, na zote zinatumia Linux Mint 22. Asubuhi zinachelewa sana kuwaka, na mteja akifungua tovuti za serikali za eCitizen na iTax pamoja, zinaganda. Jamaa mmoja anayeijua Linux aliniambia kerneli ya Mint, yaani kiini cha mfumo, imebeba madraiva (programu za kuendesha vifaa) ya vifaa vyote duniani na ndiyo inayokula RAM, kwa hiyo nijenge yangu kwa make localmodconfig. Akaniambia pia niweke mitigations=off ili prosesa ipumue. Nilijaribu kwenye mashine moja kwa kerneli 6.12. Kwanza ilikataa, ikataja debian/canonical-certs.pem. Nilipovuka hapo, diski ikajaa. Mwishowe iliwaka, lakini flashi za wateja hazifunguki, na faiba ikikatika nikachomeka simu nitumie intaneti yake kwa waya, hakuna kinachokuja. Cha ajabu, printa inachapa vizuri. Na ule wepesi sijauona. Nimekosea wapi? Niendelee na zile tano au niache?"*

Ndugu yangu, wacha nianze na swali lako la mwisho: zile tano usiziguse kwanza. Hujaharibu kitu. Mtu aliyefika mahali kerneli aliyoijenga mwenyewe ikawaka ameshavuka sehemu ambayo wengi hukatia tamaa. Shida ni kwamba mambo mawili yamechanganywa. Uzito wa mashine zako una chanzo chake, na kujenga kerneli hakukigusi. Flashi kutofunguka nako kuna sababu moja tu, na ukishaielewa utairekebisha kwa jioni moja.

Tuanze na RAM, maana ndiyo iliyokuingiza safarini.

Ni kweli kerneli ya Mint, ambayo hutoka Ubuntu, imejengwa ikiwa na madraiva ya maelfu ya vifaa. Msimbo wa Linux una zaidi ya mistari milioni 30, na sehemu kubwa yake ni madraiva. Alipoteleza rafiki yako ni kudhani kwamba yote hayo huingia kwenye RAM. Ukifungua faili ya .config, yenye mipangilio ya kerneli, utaona machaguo mengi yana alama ya y au m, na mengine yamezimwa kabisa. Chenye y kimeunganishwa ndani ya kerneli yenyewe na hupakiwa kila mashine inapowaka. Chenye m ni moduli, yaani faili ya pembeni inayokaa kwenye diski chini ya /lib/modules, ikisubiri kuitwa. Ubuntu huweka karibu madraiva yake yote kuwa m kwa makusudi, kwa sababu hawajui wewe una mashine gani.

Kuitwa kwenyewe hutokea hivi. Mashine zako zina kadi ya mtandao ya Intel 82579LM. Kompyuta inapowaka, kerneli hukagua basi ya PCI, njia inayounganisha kadi na kompyuta, na kukuta kifaa kinachojitambulisha kwa namba 8086:1502. Namba ya kwanza ni ya kampuni, ya pili ni ya kifaa. Kerneli hutangaza namba hizo, programu ya udev huzipokea, kisha hutafutwa kwenye faili ya modules.alias ni moduli gani inayozitambua. Jibu ni e1000e, basi e1000e hupakiwa. Madraiva ya kadi nyingine mamia hayasomwi hata baiti moja. Sufuria iliyo kabatini haitumii gesi.

Unaweza kulihakikisha hili mwenyewe. Andika sudo dmesg | grep Memory: na utaona mstari unaotaja "kernel code". Kwa kerneli za Ubuntu za siku hizi sehemu hiyo huwa karibu MB 20. Kisha andika lsmod na ujumlishe safu ya pili, ambayo ni ukubwa wa kila moduli kwa baiti. Hutafika MB 100. Weka hiyo kando ya GB 4 ulizo nazo, andika free -h uone RAM iliyotumika, kisha fungua kivinjari, ingia iTax na uandike free -h tena. Kichupo kimoja cha tovuti nzito huweza kula kuliko kerneli na moduli zake zote zikiwa pamoja.

Na kuna jambo ambalo huwa halisemwi wakati localmodconfig inaposifiwa. Amri hiyo hutazama moduli zilizopakiwa wakati huo, inaziacha, na kuzima zile ambazo hazijapakiwa. Fikiria hapo kidogo: ilizozima ni zile ambazo hazikuwa zinatumia RAM yako hata chembe, na ilizoacha ni zilezile zilizokuwa zikiitumia. Ndiyo maana hukuona tofauti. Faida yake ya kweli ni kwamba kazi ya kujenga huwa fupi mno, na kerneli yako hushika nafasi ndogo kwenye diski. Steven Rostedt aliiandika kwa ajili ya watu wanaojenga kerneli mara kwa mara wakiijaribu, na kwa kazi hiyo ni chombo kizuri sana.

Sasa tuje kwenye flashi.

Siku ulipoandika make localmodconfig, nina hakika hakukuwa na flashi iliyochomekwa kwenye mashine ile, wala hakuna aliyekuwa amechomeka tangu iwashwe. Kwa hiyo moduli ya usb_storage haikuwa kwenye orodha ya lsmod, na ikazimwa. Ingia kwenye kerneli yako mpya uandike:

grep USB_STORAGE= /boot/config-$(uname -r)

Kwenye kerneli ya Mint utajibiwa CONFIG_USB_STORAGE=m. Kwenye yako amri itanyamaza. Ukitoa ile alama ya = utapata mstari wenye "is not set". Hicho ndicho kidonda chenyewe.

Simu ni hadithi ileile. Simu nyingi za Android zikitoa intaneti kwa waya hujionyesha kwa kompyuta kama kadi ya mtandao, na draiva lake ni rndis_host au cdc_ncm. iPhone ina lake, ipheth. Yote hayakuwa yamepakiwa, yote yakazimwa. Printa yako imesalimika kwa sababu CUPS, mfumo wa uchapishaji wa Linux, huongea na printa za USB moja kwa moja kupitia maktaba ya libusb, bila kuhitaji draiva la kerneli la printa. Na ukijaribu kuhamisha picha kutoka kwenye simu ya mteja kwa waya utaona nazo zinapita, maana njia hiyo nayo hutumia libusb. Kwa hiyo usiishangae printa. Imekuonyesha tu kwamba matundu ya USB na sehemu kuu ya USB ndani ya kerneli viko salama.

Hapa ndipo ningependa ubadilishe namna unavyolitazama jambo zima. Miongozo mingi husema "jenga kerneli kwa vifaa vyako," na mtu hufungua lspci, orodha ya vifaa vya ndani, akafikiri ameviona vyote. Kwa mtu mwenye laptopu yake nyumbani hilo laweza kutosha. Lakini wewe una saiba. Vifaa vyako ni pamoja na flashi ya mwanafunzi aliyekuja kuchapisha kazi yake, memori kadi ya mpiga picha wa harusi, diski ya nje iliyofomatiwa kwa Windows, kamera ya mtandao ya anayefanya mahojiano ya kazi, na simu yako siku faiba imekatika. Kerneli ya saiba lazima isanidiwe kwa ajili ya mlango mzima.

Ukitaka kuirudia kazi hii, na baadaye nitakuambia kama naona inafaa, irudie hivi.

Anza kwa kuwasha mashine kwa kerneli ya Mint, ile kamili. Kusanya kila aina ya kifaa ambacho mteja huweza kukuletea, kisha chomeka kimoja baada ya kingine. Flashi usiichomeke tu, ifungue na usome faili moja, kwa sababu draiva la mfumo wa faili, kwa mfano exfat, hupakiwa wakati wa kufungua. Chomeka simu na uwashe intaneti yake. Washa kamera ya mtandao. Huna haja ya kuviacha vyote vimechomekwa, kwa kuwa moduli ikishapakiwa hubaki hata ukichomoa kifaa, mpaka mashine izimwe. Kwa hiyo usizime. Ukimaliza andika lsmod > orodha.txt. Fanya vivyo hivyo kwa mashine nyingine tano, hata kama zinafanana kwa macho. Mashine za mtumba zina historia, na moja yaweza kuwa na kadi ya picha ambayo zile nyingine hazina. Unganisha orodha zote sita kuwa faili moja kwa amri ya cat, uiweke nyumbani kwako kwenye mashine ya kujengea, kisha ndani ya folda ya msimbo:

cp /boot/config-$(uname -r) .config
make olddefconfig
make LSMOD=$HOME/orodha.txt localmodconfig

Baada ya hapo ongeza kwa mkono yale unayojua yatahitajika ila hukuwa na kifaa cha kuyaita. Kwa saiba nisingekubali kukosa USB_STORAGE, USB_UAS ya diski mpya za nje, EXFAT_FS, NTFS3_FS, NLS_ISO8859_1 inayohusika na majina ya faili kwenye flashi za FAT32, USB_NET_RNDIS_HOST, USB_NET_CDC_NCM, USB_IPHETH, USB_VIDEO_CLASS ya kamera, pamoja na TUN kwa yeyote anayetumia VPN.

Na hapa kuna mtego unaokamata hata watu wazoefu. Machaguo ya kerneli yana wazazi. USB_NET_RNDIS_HOST iko chini ya USB_USBNET. Ukiiwasha kwa scripts/config wakati mzazi wake amezimwa, amri itakubali, kisha make olddefconfig itaifuta kimyakimya bila kukuonya. Utajenga usiku kucha ukiamini ipo. Ili kuepuka hilo fungua make menuconfig, bonyeza alama ya /, andika jina la chaguo, na usome mstari wa "Depends on". Utaona kila mzazi na hali yake. Washa wazazi kwanza. Ukimaliza, kabla hujaanza kujenga, tumia grep kwenye .config kukagua kila jina moja moja. Dakika hizo chache zitakuokolea saa nyingi.

Yale makosa mawili ya mwanzo ni mepesi. Faili ya .config uliyonakili kutoka /boot ilitengenezwa na Canonical, na inaelekeza kwenye vyeti vilivyomo kwenye msimbo wao peke yao, wewe huna. Unafuta majina hayo tu. Diski nayo ilijaa kwa sababu usanidi wa Ubuntu huwasha taarifa za uchunguzi wa makosa, ambazo hufanya folda ya ujenzi ivimbe hadi makumi ya GB. Wewe huzihitaji. Amri ni hizi:

scripts/config --set-str SYSTEM_TRUSTED_KEYS ""
scripts/config --set-str SYSTEM_REVOCATION_KEYS ""
scripts/config --disable DEBUG_INFO_DWARF5 --enable DEBUG_INFO_NONE
scripts/config --set-str LOCALVERSION "-saiba"
make olddefconfig
make -j4 bindeb-pkg

Hiyo LOCALVERSION huipa kerneli yako jina lake, isije ikajichanganya na nyingine, na uname -r itakuonyesha wazi uko kwenye ipi. Namba 4 ni kwa sababu i5-3470 ina kori nne. Amri ya mwisho ndiyo inayokufaa zaidi wewe kuliko mtu mwenye mashine moja: inatoa faili za .deb, kwa hiyo unajenga mara moja na kusakinisha kwenye mashine zote sita kwa dpkg -i. Kama mashine yoyote ina Secure Boot iliyowashwa, kerneli isiyo na saini itakataliwa. Izime kwenye BIOS au ujifunze kutia saini kwa sbsign na kuandikisha ufunguo wako kwa mokutil.

Kuhusu bando: usivute historia nzima ya msimbo kwa git, hiyo ni zaidi ya GB 2. Chukua faili ya .tar.xz kutoka kernel.org, ambayo ni kama MB 140, na uhakiki saini yake. Saini hutiwa kwenye faili ya .tar, kwa hiyo fungua kwanza kwa unxz ndipo uendeshe gpg --verify. Na kwa kuwa hizi ni kompyuta za mezani zisizo na betri, stima ikipotea katikati ya ujenzi usikate tamaa. Rudia amri ileile, make itaendelea ilipoachia. Ukikutana na kosa lisiloeleweka baada ya stima kurudi, huenda kuna faili iliyoandikwa nusu. Andika make clean uanze upya, .config yako haitaguswa.

Kabla ya kuwasha kerneli mpya fungua /etc/default/grub, weka GRUB_TIMEOUT_STYLE=menu na GRUB_TIMEOUT=5, kisha uendeshe sudo update-grub. Hapo kila mashine itakuonyesha menyu ya GRUB, programu inayochagua kerneli ya kuwasha, na kerneli ya Mint itakuwa chini ya "Advanced options" ikikusubiri. Usiiondoe kamwe. Ukiona skrini imesimama kwenye "Unable to mount root fs", maana yake kerneli imewaka lakini haikupata draiva la diski au la mfumo wa faili, ama ndani yake au kwenye initramfs, kifurushi kidogo cha madraiva ya kuwashia. Diski yako iko salama, data iko salama. Zima, chagua kerneli ya zamani, rudi kurekebisha.

Sasa kuna lile la mitigations=off, na hapa nitakuwa mkali kidogo. Tafadhali liondoe leo.

Mwezi wa Januari 2018 ulimwengu uliambiwa kuhusu Meltdown na Spectre, kasoro zilizomo ndani ya prosesa zenyewe. Prosesa yako ni ya kizazi cha Ivy Bridge cha Intel, na imo katika kundi lililoathirika na zote mbili. Kinga zilizowekwa kwenye kerneli zinazuia programu moja isichungulie kumbukumbu isiyo yake, na ni kweli zinapunguza kasi kiasi. Ukiziondoa unapata kasi kidogo. Lakini watafiti walionyesha kwamba Spectre inaweza kuendeshwa kwa JavaScript ndani ya kivinjari, yaani kwa kufungua tovuti tu. Kwenye mashine zako mteja mmoja anaandika nywila ya eCitizen, wa pili PIN ya KRA, wa tatu anaingia kwenye benki yake, huku mwingine akifungua tovuti usiyoijua. Hao watu wamekuamini, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inamtaka anayeshughulikia taarifa za watu azilinde. Andika hivi uone mwenyewe hali ya kila kinga:

grep . /sys/devices/system/cpu/vulnerabilities/*

Palipoandikwa "Mitigation" uko na kinga. Palipoandikwa "Vulnerable" pekee, uko wazi.

Basi wepesi utautoa wapi? Pima kabla ya kununua chochote. Saa ya wateja wengi, fungua terminali kwenye mashine inayoganda, andika vmstat 1 uiache iendelee huku mteja akifanya kazi. Tazama safu tatu: si, so na wa. Mbili za kwanza ni data inayohamishwa kati ya RAM na diski kwa sababu RAM imejaa. Ya tatu ni asilimia ya muda ambao prosesa imekaa bure ikisubiri diski. Kwa maelezo yako natarajia utaona si na so zikipanda kutoka sifuri hadi mamia na maelfu kila mteja anapofungua kichupo kipya, na wa ikienda juu pamoja nazo.

Sababu ni hesabu rahisi. Diski ya kuzunguka mizunguko 7,200 kwa dakika huzunguka mara 120 kwa sekunde. Kusubiri data ifike chini ya kichwa huchukua wastani wa nusu mzunguko, kama milisekunde 4, na juu yake kuna muda wa kichwa kusogea hadi mahali penyewe. Ukijumlisha, diski hiyo haiwezi kuhudumia maombi yaliyotawanyika zaidi ya mia moja hivi kwa sekunde. SSD ya kawaida ya SATA huhudumia makumi ya maelfu. Kuwaka kwa Linux asubuhi ni maelfu ya faili ndogo zinazosomwa kutoka kila pembe ya diski. Kugandaganda kwa iTax ni RAM iliyojaa ikitafuta msaada kwa diski hiyohiyo.

Kwa hiyo shilingi yako ya kwanza iende kwenye SSD, hata ya ukubwa wa chini kabisa utakaopata, kwa maana wateja wa saiba hawahifadhi vitu kwako. Ya pili iende kwenye RAM ya DDR3, ufikishe GB 8. Endesha sudo dmidecode -t memory uone una nafasi ngapi zilizo wazi, na unapokwenda madukani Luthuli beba kipande kilichomo sasa kiwe mfano, ili usirudi na cha laptopu. Anza na mashine moja, ile inayotumika zaidi, kisha ulinganishe na jirani yake. Ukisubiri hela, kuna kitu cha bure cha kufanya leo: sakinisha zram-tools, na kwenye /etc/default/zramswap uweke ALGO=zstd na PERCENT=50. Hiyo hutenga sehemu ya RAM na kuhifadhi humo data iliyobanwa badala ya kuikimbiza diskini. Kwa mashine ya GB 4 yenye diski ya kuzunguka, tofauti utaiona kwa macho. Angalia tu kwamba zram nayo ni moduli. Iwashe kabla ya kuchukua ile orodha ya lsmod, la sivyo kerneli yako mpya itaikosa.

Ukishafanya hayo, je, bado kuna sababu ya kujenga kerneli? Kwa wepesi, hapana. Zipo sababu nyingine nzuri: kifaa kinachohitaji kiraka ambacho bado hakijaingia, kazi ya sauti inayotaka majibu ya papo hapo, kutafuta ni badiliko gani lililoleta hitilafu, au kupunguza milango ambayo mshambuliaji anaweza kubisha. Na kujifunza, ambako nakuheshimu sana. Sijui njia nyingine inayomfundisha mtu kompyuta yake ni kitu gani kwa kina hicho. Ila ujue unachokibeba. Kerneli ya Mint hurekebishwa kupitia Update Manager, wewe unabofya tu. Yako haitarekebishwa na mtu. Kila toleo jipya la 6.12 likitoka, na hutoka mara kwa mara, mara nyingi ndani ya wiki moja au mbili, ni wewe utakayepakua, kuendesha make olddefconfig, kujenga, kujaribu na kusambaza kwenye mashine sita. Ukiacha miezi sita ipite, una kerneli yenye mashimo yanayojulikana na kila mtu, kwenye mashine zinazotumiwa na watu usiowajua.

Ningekuwa mimi, tano zingebaki na kerneli ya Mint, na moja, ile iliyo karibu na meza yako, ingekuwa ya mazoezi. Ikikaa mwezi mzima mteja asijue tofauti, na ukaona hukuchoka kuijenga upya, hapo utaamua ukiwa na ushahidi.

Kuna hali ambazo maelezo ya maandishi hayatoshi. Kabla ya yote endesha sudo smartctl -a /dev/sda kwenye kila mashine na utafute Reallocated_Sector_Ct na Current_Pending_Sector. Kama namba ya mwisho kwenye mojawapo ya mistari hiyo si sifuri, nakili kilicho muhimu siku hiyohiyo. Ikiwa inaongezeka kila unapotazama, diski inakufa, na kuganda kote huko huenda ni yenyewe. Usijenge kitu juu yake. Mashine ikizimika yenyewe katikati ya ujenzi, mara nyingi ni joto au umeme wake wa ndani. Ipeleke kwa fundi wa maunzi aifungue, asafishe feni, abadilishe pesti ya prosesa na akague kama kuna kapasita zilizovimba. Na kama umefika mahali hata kerneli ya zamani haiwaki kutoka kwenye menyu ya GRUB, usianze kufomati wala kujaribu amri za kila video. Zima, itenge, utafute mtu anayeijua Linux akae nawe mbele ya mashine ileile, huku umebeba flashi ya kuwashia Mint na nakala ya .config yako.